Chumba cha Sauti

Wekeni vitabu chini kidogo, ndugu zangu. Kuna chama kimoja cha kuzikana nataka mkifahamu, kwa sababu nadhani wengi wetu humu ni wanachama wake bila kujua.

Chama hicho kilikuwa katika mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako mvua inanyesha miezi tisa na miezi mitatu iliyobaki inajiandaa. Vyama vya kuzikana viko kila mahali: mnachimba, mnapika, mnalia, mnarudi nyumbani. Lakini hiki kilikuwa na desturi yake. Mwanachama akishaona umri umekwenda, au mwili umeanza kumwambia mambo, alikwenda ofisini kwa chama, akaingia katika chumba kidogo kilichozibwa madirisha kwa magodoro, akakaa mbele ya kipaza sauti peke yake na kusema maneno yake ya mwisho. Akimaliza anatoka, anakunywa chai, anaendelea kuishi. Wapo walioishi miaka ishirini baada ya maneno yao ya mwisho. Siku ya kuzikwa, jeneza likishashushwa na kabla udongo haujatupwa, sauti ya marehemu inawekwa kwenye spika, na watu wote wanasimama kumsikiliza.

Kulikuwa na mwiko mmoja tu. Sauti ile haisikilizwi na mtu yeyote kabla ya siku hiyo. Si mke, si mtoto, si mwenyekiti. Kumsikiliza mtu aliye hai kana kwamba ameshakufa ni kumchuria, kumwitia kifo. Hata kuifungua kwa sekunde tatu, kuona tu kama imeshika, ulikuwa ni uchuro.

Katibu wa chama alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa hesabu aliyestaafu mapema, mtu wa kusoma maelekezo hadi ukurasa wa mwisho. Au ndivyo alivyopenda watu wamwone. Alipokabidhiwa ofisi alikuta sauti za watu zimetapakaa: nyingine kwenye kanda, nyingine kwenye sidii zilizoota ukungu, tatu kwenye simu ya mtu aliyekwisha kufa. Alizikusanya zote na kuziweka katika kisanduku cheusi, ukubwa wa mkate wa kilo, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta za ofisi. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, pacha; kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa kwenye nyingine, ili moja ikifa nyingine ishike.

Katika mkutano mkuu alieleza kwamba pacha hao hawatoshi. Wanalala chumba kimoja. Mwizi akija anawabeba wote, moto ukiwaka unawala wote. Lazima iwepo nakala nyingine mbali, katika mashine za watu wanaofanya kazi hiyo ya kutunza, huko kunakoitwa mawinguni. Mzee mmoja akauliza, je, hilo wingu mvua ikinyesha sauti zetu hazitanyesha nazo? Watu wakacheka. Katibu naye akacheka, akamjibu kwa adabu kwamba wingu ni jina tu, ni majengo yaliyo nchi kavu yenye walinzi na majenereta. Mwenyekiti, bwana mmoja wa suti hata kwenye jua kali, alilipenda neno hilo. Tangu siku ile hakupanda jukwaani bila kusema "mawinguni", kwa namna ambayo mgeni angedhani ni yeye aliyeyapachika huko.

Swali gumu lilitoka kwa bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa. Hiyo mashine inayozipandisha sauti, aliuliza, yenyewe haisikilizi?

Watu wakageuka kumtazama katibu.

Katibu alilijua jibu la kweli. Mashine haisikilizi, inanakili tu, kama mtu anayebeba barua asiyejua kusoma. Angeweza kulisema hilo, watu wakabishana, mkutano ukachelewa. Lakini alitaka amalize kwa makofi. Akasema, "Nitaifungia. Sauti ya mtu haitafunguliwa na mtu wala mashine. Ufunguo nitakuwa nao mimi peke yangu."

Makofi yakaja. Na kesho yake akafanya hivyo hivyo alivyosema: folda ya sauti ikawekwa kufuli, isifunguke ila kwa nywila yake. Ile kazi ya kupandisha, inayofanywa na kompyuta yenyewe, ilikuwa na jina lake la kuingilia na ruhusa zake, na katika ruhusa hizo ufunguo haukuwamo.

Wangapi wameshaona? Msijibu. Yeye hakuona, na alikuwa na digrii.

Tangu hapo, kila siku saa kumi jioni, ujumbe uliingia kwenye simu yake: alama ya kijani na neno moja, *Imekamilika*. Chini ya neno hilo kulikuwa na mstari mwingine, wa maandishi madogo ya kijivu. Mwezi wa kwanza aliufungua ujumbe kwa furaha. Mwezi wa pili aliutazama bila kuufungua. Miaka sita ikapita.

Sasa, katika walioingia chumbani alikuwamo mzee mmoja seremala, ndiye aliyechonga majeneza ya chama. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa anaendesha gari la kubebea mbao siku lilipopinduka kwenye kona ya mlimani. Mdogo akafa papo hapo, mkubwa akatoka na mkwaruzo kwenye kidole. Mzee hakumlaani mwanawe. Hakumfukuza. Alimchongea mdogo jeneza kwa mikono yake, na tangu siku hiyo akaacha tu kumtaja mkubwa jina. Mezani alimsogezea chumvi bila kumtazama. Yule kijana alivumilia mwaka mzima, kisha akahamia mji wa mbali kando ya ziwa, na miaka kumi na miwili ikapita baba na mwana hawajasemezana.

Mama yake alimpigia simu kila Jumapili. Alimwambia maneno yale yale: baba yako ameshasema. Nilimpeleka mwenyewe hadi mlangoni, akakaa humo dakika kumi na moja. Alitoka macho mekundu. Kila kitu kimo, mwanangu, utasikia siku yake. Na kila mama huyo alipomshika mzee mkono na kumwomba achukue simu amsemeshe mtoto, mzee alijibu kitu kimoja.

"Nimeshasema kule."

Siku ile mzee alipotoka chumbani, katibu ndiye aliyeingia kuzima mashine. Aliutazama mstari wa sauti kwenye kioo cha kompyuta, ule unaoruka mtu anapozungumza, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Kisha akaandika kwenye daftari, *dakika 11*, akafunga.

Mzee alikufa Jumanne. Jumatano mwanawe akafika kwa basi, akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nywele zimeanza kuwa kijivu juu ya masikio. Hakulia. Aliuliza kaburi litakuwa wapi, akauliza na spika zitawekwa upande gani.

Jumatano hiyo hiyo, saa tisa alasiri, katibu alikuwa peke yake ofisini. Mvua ilikuwa imesimama, na nje palikuwa na ule mwanga wa njano unaokuja kabla mvua haijarudi. Radi ilipiga mara moja tu. Haikutanguliwa na nyingine wala kufuatwa na nyingine. Simu ya mezani, ambayo laini yake ilikatwa miaka minne nyuma, ililia mlio mmoja na kunyamaza. Chumba kikanuka kama kucha iliyochomwa. Alipogeuka, taa za kile kisanduku cheusi zilikuwa zimezimika zote, na alipokigusa kilikuwa cha moto kama mtu mwenye homa.

Pacha wote wawili walikuwa wamekwenda.

Hakuogopa. Siku kama hiyo ndiyo aliyoihubiri mkutanoni. Mwenyekiti alipoambiwa aliwatangazia waombolezaji chini ya turubai kwamba radi imepiga ofisi lakini wasiwe na shaka, mzee wetu yuko mawinguni. Watu wengine walidhani anasema habari za roho, wakaitikia Amina.

Alhamisi asubuhi, siku ya mazishi, katibu aliunganisha kisanduku kipya alichokiazima shuleni na kuanza kuzirudisha sauti. Alijiandaa kungoja saa tano au sita, maana sauti ni nzito. Majina yalianza kushuka kwenye kioo, moja chini ya jingine, ya walio hai na ya waliokufa yamechanganyika. Yakashuka yote mia mbili na kumi na mawili kwa muda wa kunawa mikono.

Hapo ndipo alipoogopa.

Alilifungua jina la mzee. Sekunde sifuri. Akafungua la bibi aliyezikwa mwaka juzi, ambaye sauti yake aliisikia mwenyewe kaburini ikiimba. Sekunde sifuri. Mwiko akausahau, akafungua jina la mwenyekiti, la jirani yake, la mama yake mzazi aliye hai. Kila jina lilifunguka kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Akafungua na lake mwenyewe, na mle ndani hakuwamo.

Chini kabisa, nje ya folda iliyofungwa, lilikuwapo faili moja lenye uzito. Hakulikumbuka. Akalibonyeza, na sauti ya mwanamke ikajaa ofisi: "Moja, mbili, tatu. Kuna mtu humo?" Kimya. Kisha ile sauti ikacheka kidogo, ikasema, "Hakuna mtu."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, siku ya kwanza, alipokuwa anajaribu mitambo. Kiti kikalia. Kikalia mara mbili, mara moja kwenye spika na mara moja chini yake.

Ndipo aliposoma ule mstari wa kijivu. Aliusoma wa juzi, wa mwezi uliopita, wa mwaka jana, wa mwaka ule wa kwanza. Ulikuwa mmoja siku zote: *Vilivyorukwa: vyote, havifunguki.* Kila jioni kwa miaka sita ile kazi ilikuwa imefika mlangoni, imekuta kufuli, imesoma majina yaliyobandikwa nje, imeyapandisha majina hayo mawinguni, na kuripoti kwa uaminifu kwamba imekamilika. Na kwa miaka sita hakuna aliyejaribu kurudisha hata sauti moja aone kama inarudi, kwa sababu kujaribu ni uchuro.

Mwenyekiti alipoambiwa aliivuta tai yake, kisha akawa mtu wa busara. Alimshauri aseme spika imeharibika. Watu watazika, watakula, wataondoka. Sauti wataambiwa itawekwa siku nyingine, na siku nyingine hakuna atakayeuliza. "Mwalimu," alimwambia, "wewe umeitunza heshima ya chama hiki miaka sita. Usiivunje kwa dakika moja."

Mimi nadhani hata sisi tungeshauri hivyo. Tena kwa upole zaidi.

Jeneza liliposhushwa, watu walinyamaza kama desturi. Mwana alisimama karibu na spika kuliko mtu mwingine yeyote, ameinamisha sikio, kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitalini. Katibu akachukua kipaza sauti. Alikuwa ameiandaa ile hotuba ya spika, na spika, kwa bahati mbaya yake, ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

"Sauti ya mzee haipo," alisema. "Radi ya jana haikuichukua peke yake. Nakala haikuwahi kupanda. Mimi ndiye niliyeifungia mlango, na kwa miaka sita nikawaambia iko salama bila kuangalia hata siku moja. Zenu pia hazipo."

Watu hawakupiga kelele. Wengine waliangaliana kama watu walioambiwa wameshakufa.

Mwana akamsogelea. Alizungumza taratibu, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa katibu, na kila mtu akamsikia. "Imepotea, Mwalimu, sawa. Niambie kitu kimoja tu. Alisema?"

Hapo, ndugu zangu, palihitajika neno moja, *ndiyo*, na hakuna mtu chini ya jua angeweza kulipinga. Radi ilikuwa imeshafuta kila ushahidi. Katibu aliufungua mdomo kulitoa. Lakini alichokiona mbele ya macho yake ni kile kioo cha kompyuta cha miaka ile, na mstari wa sauti uliopita kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho umenyooka, kama uzi ambao seremala anauvuta juu ya ubao kabla ya kukata.

"Alikaa dakika kumi na moja," alisema. "Sikuona neno."

"Labda kipaza sauti kilikuwa kimezimwa," mwenyekiti akadakia haraka.

"Kilikuwa kinawaka. Mwishoni alikohoa. Kikohozi kilionekana."

Mwana alikitazama kile kipaza sauti muda mrefu, kisha akaunyoosha mkono, naye katibu akampa. Akageuka kulielekea kaburi. Wote wakadhani sasa atasema, mtoto atalisema lile baba aliloshindwa. Walisikia pumzi yake kwenye spika. Walisikia ule mvumo wa spika isiyo na mtu, unaofanana na mvua iliyo mbali. Dakika ikapita, na nyingine. Midomo yake haikufunguka. Bibi mmoja aliona kwa macho yake kitu ambacho mwiko ulikuwa umemzuia mtu yeyote kukiona: aliona jinsi mzee alivyokuwa amekaa mle chumbani. Ulikuwa mgongo ule ule. Shingo ile ile. Ilikuwa kama mzee ametoka jenezani kuja kumalizia kukaa kimya.

Na mwana akakohoa.

Mjane ndiye aliyeinuka. Alitembea hadi kwenye mashine, akatafuta kitufe, akaizima spika mwenyewe. Mvumo ukakatika, na watu wakasikia kumbe kuna ndege.

"Zima hicho kitu, mwanangu," alisema, ingawa kilikuwa kimeshazimika. "Kila Jumapili nilikuambia baba yako amesema. Mimi sijasema. Nilikuwa najificha nyuma yake. Njoo hapa."

Akamshika kichwa, akamwinamisha, akamwambia jambo sikioni. Tena akamwambia. Hakuna aliyesikia. Halikurekodiwa popote, halina nakala, na hakuna radi itakayolipata. Lakini watu waliokuwapo wanasema walimwona yule mtu mzima akikunjika magotini kama turubai lililofunguliwa kamba.

Wiki iliyofuata katibu aliondoa kufuli kwenye folda na kubandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha sauti: *Humu hamna kitu. Nendeni mkaambiane.* Wanaotaka bado wanarekodi; kisanduku kipya kipo, nakala zinapanda, na kila mwezi anarudisha sauti moja na kuisikiliza, uchuro au si uchuro. Mwenyekiti alijiuzulu kwa sababu za kiafya.

Sasa njooni kwetu, maana nimewaona mkitikisa vichwa kumsikitikia mwalimu. Sisi ni nani katika kisa hiki?

Kila asubuhi na kila jioni tunapandisha. Tunapiga magoti, tunataja: namkumbuka dada yangu, namkumbuka jirani, namkumbuka yule tuliyegombana naye. Jina linapanda, lakini lililo nyuma ya jina tumelifungia, na ufunguo tunao sisi wenyewe. Mungu anapokea orodha ya majina yaliyobandikwa nje ya milango. Sisi tunasema Amina, tunaona alama ya kijani, tunakwenda kunywa chai. Lini tulisoma mstari wa kijivu?

Na ukituuliza juu ya yule mtu, tunajibu kama mzee: nimeshamsamehe moyoni, nimeshasema kule. Kule wapi? Umewahi kujaribu kurudisha? Umewahi kumpigia, akapokea, ukaona kama ulichodai umekihifadhi kinatoka mdomoni, au unasikia tu pumzi yako? Usiniambie kipo. Mwalimu naye alisema kipo, kwa miaka sita, na watu walipiga makofi.

Tunaogopa kujaribu kwa sababu tunaogopa kukuta sifuri. Afadhali kuikuta leo, wakati bado kuna mtu wa kusimama mbele yake. Kuna watu humu ambao mvumo wa spika umeshaanza kusikika majumbani mwao, na wanadhani ni mvua.

Kwa hiyo neno la kufunga sitalitamka sasa. Mlango wa nyuma uko wazi, na simu mnazo, maana nimezisikia zikitetema tangu nianze. Mwenye wa kumwita atoke nje amwite. Sisi tutakaa hapa, tutamngoja, na Amina tutaisema akirudi.